Kamba Moja, Mbwa Watatu

Neno la Padre. Somo: Mwanzo 33, mstari wa 12 hadi 14



Wengi wenu mmekwisha kuniona alfajiri katika njia ya Magila, nimevaa kaptura na fulana, nakimbia na mbwa. Wengine mmecheka, nami sikukasirika, maana padre wa umri wangu akikimbia hafanani na mwanariadha. Wengine mmewauliza wazee wa kanisa kama jambo hili linamfaa mtu wa madhabahuni. Ni haki niwaeleze. Tena ninalo la kuungama mbele yenu, na sikulipata katika kitabu, nalilipata barabarani.

Chanzo chake ni maradhi. Mganga alinipima damu akaona shinikizo limepanda, akaniambia nitembee au nikimbie taratibu nusu saa kwa siku, siku tano katika juma. Na hapa nyumbani kwa padre pana mbwa watatu, ambao walikuwa wakishinda bandani na kubweka usiku kucha, hata majirani wakakosa usingizi. Mbwa asiyetumia nguvu zake mchana huzitumia usiku. Nikasema moyoni, nitawachukua wote watatu niende nao, mimi nipate afya, wao wapate kuchoka, na majirani wapate kulala.

Lakini mbwa hao si wa namna moja. Simba ni mzee, amepita miaka kumi, mpole kwa watoto, na kazi aliyoizoea ni kulala mlangoni na kujua nani mgeni nani mwenyeji. Tomi ni kijana wa mwaka mmoja na nusu, nguvu tupu, akiona kuku haoni kitu kingine duniani. Wa tatu alikuja mwenyewe siku moja ya mvua, amekonda, ana kovu mgongoni, na mpishi wetu akamwita Sikujui. Huyu anaogopa pikipiki, anaogopa fimbo, anaogopa hata ufagio ukiwa umesimamishwa ukutani. Aliyempiga zamani hatumjui, lakini mbwa anamkumbuka.

Nami nilifanya nini? Nikawafunga watatu katika kamba moja, nikaizungusha kamba mkononi mara mbili, nikatoka mbio. (Msizungushe kamba ya mbwa mkononi. Juma lile la kwanza Tomi aliona mbuzi, nami nikapimwa urefu wangu wote katika vumbi mbele ya wanafunzi.) Tomi akivuta mbele, Sikujui akivuta pembeni kuingia majanini, na Simba katikati akijitahidi kumpendeza mwenye nyumba. Nilijiwekea mwendo wangu kwa saa ya mkononi, na mwendo huo ukawa sheria kwa wote.

Pale penye mwinuko hukaa mzee mmoja, jirani yetu Mwislamu, mtu wa heshima. Asubuhi moja nilipompa shikamoo aliitika, kisha akasema, "Padre, huyo mkubwa hataki." Nami nikajibu huku nikikimbia, "Atazoea, mzee."

Jumanne moja ya mwezi wa Februari nilichelewa kwa sababu ya wageni, nikatoka jua limekwisha kupanda. Mnajua joto letu la Februari hapa Muheza, hewa nzito kama nguo mbichi. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, isipokuwa kidogo sana katika nyayo. Joto lake hulitoa kwa kuhema, ulimi nje, na hewa ikiwa na unyevu mwingi kuhema huko hakumfai sana. Mambo hayo sikuyajua, au tuseme sikutaka kuyajua. Simba akaanza kubaki nyuma. Nikavuta kamba. Akabaki tena, nikavuta tena, nikimwambia acha uvivu. Mate yakawa mazito mdomoni mwake, ufizi ukawa mwekundu sana, miguu ya nyuma ikapishana kama ya mlevi. Kisha akaanguka, na wale wawili kwa kuwa wamefungwa naye wakamburuta hatua chache kabla sijaweza kusimama.

Yule mzee ndiye aliyeniokoa. Alimtuma mjukuu wake alete ndoo ya maji, akaonyesha kivuli cha mwembe, akasema nimmwagie maji tumboni na mapajani, nimpepee, nisimlazimishe kunywa mengi. Nilifanya hayo robo saa nzima nikipiga magoti. Hakuniambia neno la lawama. Simba alipona, tukamrudisha nyumbani juu ya mkokoteni, lakini tangu siku ile hawezi tena kukimbia.

Sasa nifike kwenye maungamo. Jioni ya siku ileile nilikuwa nimeketi barazani, Simba amelala miguuni, nami nikalisikia lile neno langu mwenyewe, "Atazoea." Nilikumbuka kwamba mwezi uliotangulia nililisema mahali pengine. Baraza la mtaa lilikutana kwa habari za bati la kanisa letu, nami nikataka kila nyumba itoe kiasi kimoja kabla ya Pasaka. Mzee mmoja wa kanisa akasimama akasema kwa upole kwamba ziko nyumba hazitaweza. Nikamjibu, "Watazoea." Jumapili ya pili yake nikasoma majina ya nyumba zilizobaki nyuma, baada ya matangazo, kwa sauti, mbele ya watu wote. Katika majina hayo lilikuwamo jina la mama mmoja mjane, mwenye wajukuu wanne na shamba la machungwa lisilozidi miti michache. Jumapili iliyofuata hakuonekana. Wala iliyofuata. Nami nilikuwa nimesema kama nilivyosema juu ya Simba, kwamba ni uvivu.

Ndugu zangu, fungueni kitabu cha Mwanzo sura ya 33. Mnakumbuka kwamba Yakobo na Esau walipatana baada ya miaka mingi ya hofu. Esau amekuja na watu 400, watu wazima wenye nguvu, wasio na mzigo, naye kwa wema anasema twende pamoja. Yakobo anakataa. Hakatai kwa chuki. Anamweleza ndugu yake kwamba anao watoto wadogo na wanyama wanaonyonyesha, na wakiharakishwa hata siku moja tu, kundi litakufa. Basi anamwomba Esau atangulie, naye atafuata taratibu kwa kadiri ya mwendo wa watoto na wa wanyama walio mbele yake. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi, na sikuzote macho yangu yalikimbilia pale ndugu wawili wanapokumbatiana na kulia. Hili la mwendo nililipita. Yakobo alikuwa na udhaifu mwingi, alidanganya watu wengi, lakini alikuwa mchungaji miaka 20, na alijua kwamba mwendo wa kundi haupimwi kwa miguu ya mchungaji.

Nitawaambia sasa ninavyofanya, maana wapo vijana walioniuliza. Siwatoi tena watatu pamoja. Saa kumi na moja na nusu, kabla jua halijatoka, natembea na Simba mpaka lango la kanisa na kurudi, dakika kumi, naye hunusa kila nguzo kama anayesoma gazeti. Mwendo huo unanifaa na mimi, maana mwili usiopashwa moto kwanza huumia. Kisha namrudisha, namchukua Tomi peke yake. Pamoja naye ndipo nafanya mbio zenyewe: nguzo moja ya umeme hadi ya pili kwa nguvu, ya pili hadi ya tatu kwa kutembea, mara nane au kumi. Akivuta kamba nasimama kimya kama mti. Ikilegea, twaendelea. Juma la kwanza tulisimama kuliko tulivyokwenda, lakini akajua mwenyewe kwamba kuvuta hakumfikishi. Laiti ningelimpata akiwa mtoto wa miezi mitano au sita nisingelimkimbiza hivyo, maana mifupa ya mbwa mdogo haijakaza.

Wa mwisho ni Sikujui. Naye nakimbia polepole katika njia ya ndani, kati ya michungwa, pasipo pikipiki, naye akiwa upande wa mbali na barabara. Tukiona kitu kinachomtisha, simvuti akikaribie. Twasimama mbali, atazame, mpaka masikio yake yanyanyuke, kisha tuendelee. Mwezi wa kwanza hatukupita mti wa kumi. Sasa twafika kijitoni. Tomi angefika huko kwa dakika tatu, lakini furaha yangu kwa kile kijito ni kubwa kuliko kwa nguzo zote za Tomi.

Jambo jingine. Njia ya msikitini siipiti kabla ya sala ya alfajiri kwisha, maana mate ya mbwa ni najisi kwa ndugu zetu Waislamu, na mtu aliyekwisha kutawadha hapendi kuguswa nguo na Tomi. Kupita njia nyingine hakunigharimu kitu. Na wote watatu wamechanjwa kichaa cha mbwa, nao huchanjwa kila mwaka. Ninyi mlio na mbwa fanyeni vivyo hivyo, na mtu akiumwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje dawa za kienyeji.

Msidhani kwamba kujua tabia ya kila mmoja ni jambo jepesi. Mwaka 1925 mji wa Nome, kule Alaska katika Marekani, uliingiwa na dondakoo, na dawa ilikuwa mbali, kipande cha kilomita 1,085 za theluji. Waendeshaji 20 na mbwa 150 hivi waliipokezana, wakiivuta kwa magari yasiyo na magurudumu, kwa siku tano na nusu. Aliyesifika kuliko wote kwa kufundisha mbwa ni Leonhard Seppala, mzaliwa wa Norwei. Katika kazi hiyo kila mbwa ana mahali pake: mwenye akili na utii mbele, wenye miraba karibu na mzigo. Kiongozi wake aliitwa Togo, naye alipokuwa mdogo alikuwa mtundu hata Seppala akampa mtu mwingine. Akapasua dirisha la kioo akarudi. Ndiye aliyekuja kumvusha katika sehemu ndefu kuliko zote, akiwa na umri wa miaka 12. Na yule mbwa aliyeongoza kundi la mwisho kuingia mjini na dawa, Balto, alitoka kwa Seppala huyohuyo, ambaye alimhesabu kuwa mbwa wa mizigo tu, asiyefaa kutangulia. Basi mjuzi kama yule alikosea mara mbili. Mimi ni nani hata niseme kwa kutazama mara moja kwamba huyu ni mvivu?

Mtume Paulo naye alipenda mfano wa mbio. Wakorintho waliuelewa, maana michezo mikubwa ilifanyika karibu na mji wao. Sisi wahubiri twaupenda pia, nami nimeuhubiri mara nyingi: kimbieni, jitieni nidhamu, pokeeni taji. Lakini tazameni mahali ulipo, 1 Wakorintho 9. Habari za mbio zaanza mstari wa 24. Katika mstari wa 22, mistari miwili tu nyuma, Paulo ametoka kueleza kwamba kwa walio dhaifu alijifanya dhaifu, apate kuwaokoa. Mkimbiaji wake ndiye huyohuyo aliyepunguza mwendo. Mimi niliichukua mbio nikaacha kile kilichoitangulia.

Siku ya Alhamisi ya juma lile nilikwenda kwa yule mama. Nilikuta wajukuu wakimenya mihogo. Nikamwomba radhi mbele yao, kwa kuwa jina lake nililisoma mbele ya watu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Baba Padre, mimi sikukataa kutoa. Niliona aibu kutoa kidogo." Akaniuliza habari za mbwa mkubwa, maana alikwisha kusikia. Nilipotaka kuondoka akaingia ndani akatoka na pakiti ya misumari ya bati, nusu kilo, aliyoinunua kabla sijasoma yale majina.

Kwa hiyo, ndugu zangu, baraza la mtaa limekubali kwamba ile tarehe ya Pasaka imefutwa, na kile kiasi kimoja kimefutwa. Kila nyumba izungumze na mtunza hazina kwa siri baada ya Misa, iseme itakachoweza na lini. Majina hayatasomwa tena. Wale ambao majina yao niliyasoma, nitafika kwenu mmoja mmoja kabla ya Kwaresima kwisha. Nitakuja kwa miguu, jioni, na huenda Simba akawa pamoja nami. Mkituona tumesimama njiani, ni yeye anapumzika.

Padre wenu