Nani Alibonyeza "Kubali"?



Likizo iliyopita mjomba alirudi kutoka Dubai na televisheni ya inchi 43, zawadi kwa nyumba yetu ya Buyenzi, Bujumbura. Kwa kuwa mimi ndiye mwanachuo wa nyumba, kazi ya kuiwasha ikaniangukia. Ikauliza lugha, nikachagua Kifaransa. Ikauliza intaneti, nikaiunganisha na simu yangu. Kisha ikaleta maandishi marefu, kurasa kwa kurasa, na chini yake kitufe cha kukubali yote. Mama anasubiri, watoto wa jirani wamejaa mlangoni. Nikabonyeza. Hazikupita sekunde kumi.

Kitendo hicho kimenikaa kichwani kuliko somo lolote la muhula huu.

Televisheni ya zamani ilikuwa inapokea tu. Hizi za leo ni kompyuta, kila moja na mfumo endeshi wake: Tizen wa Samsung, webOS wa LG, Google TV, Roku na nyinginezo. Ndani yake mara nyingi mna programu ya kutambua kinachotazamwa. Inachukua alama ya picha iliyopo kwenye kioo, inaituma kwa kampuni, huko inalinganishwa na hazina ya filamu na vipindi, na nyumba yako inajulikana inatazama nini. Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya London, California na Madrid walionyesha kwamba televisheni za Samsung na LG walizozipima zilifanya hivyo hata zilipounganishwa kwa waya na kutumika kama kioo cha kompyuta. Kabla ya hapo, mwaka 2017, kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kushtakiwa kwamba ilikusanya habari hizo kutoka televisheni milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe. Kufika 2021 kampuni hiyo hiyo ilikuwa inapata faida kubwa zaidi kwenye matangazo na habari za watazamaji kuliko kwenye kuuza televisheni. Basi tusishangae bei kushuka. Kioo ni chambo, ndoano ni mfumo.

Sasa swali letu sisi. Mwenyezi Mungu (s.w.t.) amekataza kupelelezana katika Suratul Hujurat, aya ya 12, na katika Suratun Nur, aya ya 27, amekataza kuingia nyumba za watu bila kubisha na kutoa salamu. Tena Mtume (s.a.w.) alipochunguliwa kwenye tundu la chumba chake, alifundisha kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Si mguu peke yake unaoingia nyumba ya mtu.

Rafiki yangu wa kitivo cha kompyuta ananijibu: anayetazama si mtu, ni mashine, na lengo lake ni kukuuzia sabuni tu. Mimi namrudisha kwenye kisa anachokisimulia Imamu Ghazali katika Ihya. Sayyidna Umar (r.a.) alipanda ukuta wa nyumba akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamwambia: mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu, umepeleleza, hukupitia mlangoni, na hukubisha. Umar akamwacha. Huyo ni Amirul Muuminina, nia yake ni kukataza mabaya, na bado ukuta ulimshinda. Muuza sabuni atapita wapi?

"Lakini mlikubali," anasema rafiki yangu. Hapo ndipo pagumu. Biashara yetu inasimama kwa ridhaa, na ridhaa haipo palipo na ujinga wa kile unachokitoa. Kwa hilo naiona kampuni ya Telly, pia ya Marekani, ina unafuu. Mwaka 2023 ilitangaza kugawa televisheni 500,000 bure, zenye kioo cha pili cha matangazo, na sharti likawekwa wazi: malipo ni matangazo na habari zako. Siipendi biashara hiyo, ila angalau imebisha hodi. Aliyelipa pesa taslimu na bado akachunguliwa ndiye aliyedhulumiwa.

Hata hivyo, nyumba yetu ina watu tisa. Nani alinipa uwakala wa kuwakubalia wanane? Bibi hajui hata kama televisheni inaweza kuulizwa swali.

Nilipoingia kwenye mipangilio nikakuta kipengele hicho kimewashwa. Nikakizima. Ningeishia hapo ingekuwa heri. Lakini kidole kikaendelea hadi kwenye orodha ya video zilizotazamwa usiku, sote tukiwa tumelala. Nikasoma. Nikajua jambo la mmoja wetu, jambo ambalo mwenyewe hajamwambia mtu. Sitasema ni nani wala alitazama nini. Nilichokuwa ninailaumu kampuni ya mbali nimekifanya mimi kwa mkono wangu, sebuleni kwetu, tena bila hata sabuni ya kuuza.

Mama nilimweleza habari ya kitufe tu. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, mbona hukutuuliza kabla ya kubonyeza?" Sikuwa na jibu.

Na yule mwingine? Wanachuoni wamehitilafiana juu ya msengenyaji: je, ni lazima amwendee aliyemsengenya akamwombe radhi, au inatosha kutubu, kumwombea dua na kumtaja kwa wema? Nimeipeleka hitilafu hiyo kwenye jambo langu na sijapata utulivu. Nikienda kuomba radhi, nitakuwa nimemwambia kwamba najua. Narudi nyumbani mwezi ujao, inshaallah. Wenzangu mnaosoma fiqhi, mwenye jibu aniandikie kabla sijaondoka.