Watu Saba wa Yerusalemu na Kura Zetu

Somo letu ni Matendo ya Mitume, mlango wa 6, tangu mstari wa 1 hata wa 6.

Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula, nao watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwanyamazisha, waliwaambia waamini wote wachague watu saba. Haya, yasomeni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani, na Nikolao hakuzaliwa hata Myahudi. Waebrania, waliokuwa wenyeji, walipopata kuchagua hawakuwatafuta wa kwao.

Nchi yetu nayo iliona jambo lililo karibu na hilo. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, miaka ya 1958 na 1959, serikali ya Waingereza iliamuru kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Aliyeacha mmojawapo, kura yake ilibatilika. Tena si kila mtu aliyeruhusiwa. Ilimpasa awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa fulani. Wengi waliuchukia mpango huo wa kupima watu kwa rangi, wala hawakukosea. Lakini TANU, ilipokutana Tabora Januari 1958, ikakata shauri kushiriki. Basi katika Jimbo la Kaskazini wakaingia Barazani Solomon Eliufoo, mwalimu Mkristo; Derek Bryceson, mkulima Mzungu; na Sophia Mustafa, mwanamke Mwislamu mzaliwa wa India. Mpango wa kutenga rangi na rangi ukawaweka pamoja. Na Oktoba 1961, walipotokea wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika tu, Julius Nyerere alikataa katakata.

Sasa tujipime sisi. Kwetu anayedharauliwa ni Mhadzabe, ambaye wengine humwita mtu wa porini. Ni mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake. Ni mwenye duka Mwarabu, hata akiwa amezaliwa papa hapa. Nasi tumesikia Wakristo, wametoka ibadani sasa hivi, wakisema, "Tumchague wa damu yetu." Neno hilo ni dhambi, wala tusilipambe kwa jina la desturi.

Wainjilisti, daftari la wapiga kura likifunguliwa, mwendeeni imamu wa msikiti na katekista wa Katoliki, mpatane tangazo moja lisomwe Ijumaa na Jumapili: kila mwenye miaka 18 ajiandikishe, na asiulize kabila wala rangi ya mgombea, bali uaminifu wake. Msitaje chama. Na mjane asiyeona vema, mwulizeni yeye mwenyewe anamwamini nani wa kumshika mkono siku ile, msimchagulie.