Siri ya Ndege na Wajibu wa Mjuzi

Hubara ni ndege wa jangwani, wa jamii moja na tandawala wa mbuga zetu. Rangi yake ni ya mchanga, naye hutaga mayai chini, penye uwazi. Hubara wa Asia huzaliana katika nyika za Kazakhstan, Uzbekistan na Mongolia. Baridi ikaribiapo, wengi wao husafiri maelfu ya kilomita kwenda Iran, Pakistan na Bara Arabu. Tangu kale Waarabu humwinda kwa kozi waliofunzwa. Uwindaji uliopita kiasi, pamoja na kuharibiwa kwa makao yake, umemtia katika hatari ya kutoweka.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Abu Dhabi walianza kuwafunga baadhi ya ndege hao chombo kidogo mgongoni. Chombo hicho hupeleka ishara kwa setilaiti, na mtaalamu aliyeketi chumbani hujua hubara yuko wapi.

Je, ni haki kuitwaa siri ya kiumbe asiyeweza kukataa? Ngao ya hubara ni kujificha. Aijuaye njia yake amemvua ngao hiyo, kwani habari imwonyeshayo mlinzi mahali pa kulinda yaweza kumwonyesha mwindaji mahali pa kuvizia. Taa humwangazia mwenye nyumba, na mwizi pia.

Hata hivyo, ujinga nao haumwokoi ndege. Njia isiyojulikana hailindiki. Hubara akitunzwa Kazakhstan wakati wa kiangazi, kisha akauawa Pakistan wakati wa baridi, utunzaji ule wafaa nini? Ramani ya safari yake huyafundisha mataifa yaliyo mbalimbali kwamba dhamana yao ni moja.

Tena tusihukumu upesi. Zayed bin Sultan, mtawala wa Abu Dhabi aliyefariki mwaka 2004, alipenda sana kuwinda kwa kozi. Naye ndiye aliyeanzisha huko kazi ya kumhifadhi hubara. Mtu anaweza kukipenda kitu kwa namna ya kukimaliza, au kwa namna ya kujizuia ili kidumu. Ujuzi haumchagulii lililo jema, huchagua mwenyewe.

Basi, msomaji kijana, kujua ni kukopa. Aliyeichukua siri ya kiumbe dhaifu ana deni la kumlinda, na asipolilipa, elimu yake imekuwa wizi.