Damu Iliyovilia Pasipo Pigo

Katika nyumba za wagonjwa wa siku nyingi, huku Ngara na Biharamulo, liko jambo liwatatizalo watu. Mgonjwa alala ngozi yake ikiwa safi, na kulipokucha aonekana ana doa jeusi mkononi au pajani, damu imevilia kama ya mtu aliyepigwa fimbo, wala yeye hakumbuki kuanguka wala kujigonga. Ndipo maneno huanza. Mmoja asema, Mumewe ampiga usiku. Mwingine asema, Ni jirani, amemjia kwa uchawi. Nasi twauliza: Je, ni haki kutaja jina la mtu kwa ajili ya alama ambayo chanzo chake hatukijui?

Kwanza tuufahamu mwili. Damu ina chembe ndogo mno zizibazo mshipa mdogo unapopasuka, na ini hutengeneza vitu vya kuigandisha. Mwenye ini bovu, au mwenye bandama iliyovimba kwa kichocho cha tumbo (na watu wa ziwani wakijua sana kichocho), hupungukiwa na vitu hivyo, hata akiegemea ubao wa kitanda damu huvilia. Virusi vya UKIMWI navyo huweza kuzipunguza chembe hizo. Dawa pia: aspirini, na warfarini wapewayo baadhi ya wagonjwa wa moyo, huzuia damu isigande upesi, na prednisoloni ikinywewa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba kama ya mzee. Tena uko ugonjwa wa kurithi, hemofilia, ambao mara nyingi mama huuchukua pasipo kuugua, na mwanawe wa kiume akaugua. Malkia Victoria, ambaye ziwa letu liliitwa kwa jina lake, alikuwa na mwana mwenye ugonjwa huo, Leopold, aliyeanguka akafa mwaka 1884. Kitukuu chake Alexei, mwana wa mfalme wa Urusi, aliwekewa mabaharia wamchunge asijigonge, na hata hivyo damu ilimvilia. Hapo mchawi alikuwa nani?

Hofu nayo imeongezeka kwetu. Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Walihesabiwa watu 10, wawili wakithibitishwa kwa vipimo, na wote 10 walikufa, mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Basi hatumshangai mtu wa Biharamulo aonaye damu chini ya ngozi ya mwenziwe akarudi nyuma. Lakini Marburg huja ghafula, kwa homa kali na kuumwa kichwa, kisha kutapika na kuhara. Mwenye dalili hizo asiguswe, bali habari zipelekwe upesi hospitali. Doa la mgonjwa wa miaka mingi asiye na homa ni jambo jingine.

Nchi hii imekwisha kuona alama ya mwili ikimwua mtu. Katika Usukuma vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu ule ulitoka katika moshi wa jikoni. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 yakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, lakini neno hufika shambani kwa jirani kabla ya sheria.

Hapa mwenye busara atatuuliza: Mkisema madoa yote ni ya ugonjwa, je, hamwapi wapigaji mahali pa kujificha? Swali hili ni zito. Wako wanawake, na watoto, na wazee, wapigwao kweli, na ugonjwa wao huwa pazia la mpigaji. Asemaye, Ni damu yake tu, akaenda zake, naye amekwisha kuhukumu.

Sisi twaona kosa la pande zote mbili ni moja: huliuliza doa, wala hawamwulizi mwenye mwili. Mume anena, mama mkwe anena, mzee wa kanisa atoa shauri, na mgonjwa yumo katikati yao kama mtungi unaotafutwa ufa. Yafaa aulizwe yeye, faraghani, watu wa nyumba wasisikie, kwa Kihangaza au Kisubi au lugha yo yote aliyonyonya nayo. Akisema, Nimepigwa, asadikiwe, apelekwe mahali pa salama na wakuu wajulishwe. Akisema, Sijui, asadikiwe vile vile. Na hili ndilo gumu, kwa maana tumezoea kumdhania asiyejua kuwa aficha. Lakini asisongwe kwa maswali kila siku, kwani aliyechoka kuulizwa hutoa jina lo lote apate kupumzika. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba kimya, na hapo walikuwa rafiki wema. Walipoanza kumweleza chanzo cha msiba wake ndipo walipomwumiza.

Kisha apelekwe hospitali, iwe Murgwanza, au Rulenge, au Biharamulo, apimwe damu. Na dawa zote anywazo, za dukani na za miti, zitiwe kikapuni zikaonyeshwe kwa daktari. Asiache dawa ya moyo kwa kuogopa doa kabla ya kumwuliza daktari, kwa kuwa damu igandayo ndani ya moyo huweza kuua kwa ghafula. Nao wamwoshao wamwinue kwa mikono miwili chini ya mgongo, wasimvute mkono.