Ketini Mtumbwini

Kusini ya Chidya wapita mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Daraja la Umoja lilifunguliwa mwaka 2010, lakini liko mbali, upande wa magharibi. Basi wengi wangali wakivuka kwa mtumbwi, gogo moja lililochongwa. Chini ni mviringo. Mmoja akiona mamba akasimama kwa hofu, twapinduka sote, mwoga na jasiri pamoja. Wanafunzi nao, tufani ilipowapata, walimwamsha Bwana kwa lawama, kana kwamba hawajali. Naye alikuwamo chomboni mwao! Ndugu wawili wetu wagombeao mpaka wa mikorosho wameiacha Meza ya Bwana. Twawasihi waketi, maana watoto wetu wamo mtumbwini.