Kufuli Langu, Ufunguo wa Nani?

Ukinunua kufuli sokoni Owino, muuzaji anakupa kufuli pamoja na funguo zake mbili au tatu. Hakuna mnunuzi anayekubali kuondoka na kufuli tupu huku funguo zote zimebaki mfukoni mwa muuzaji, hata kama muuzaji huyo ni mtu mwema na ameahidi kuja kufungua kila atakapoitwa. Lakini simu tunazobeba zimetuzoeza biashara ya namna hiyo, na sasa hatuoni hata kwamba kuna jambo la kuuliza. Mimi nauliza: mfumo endeshi wa simu umfungie mmiliki wake kwa kiasi gani, na kwa idhini ya nani?

Nieleze kwanza kinachofungwa, maana wenzangu wengi katika masomo ya lugha huona haya ni mambo ya watu wa kompyuta. Mfumo endeshi ndio programu kuu iliyo chini ya programu nyingine zote. Ndio unaoamua ni programu ipi iingie na iguse nini ikishaingia. Kwenye iPhone, tangu Apple ilipofungua duka lake la programu mwaka 2008, kanuni imekuwa moja kwa mtumiaji wa kawaida: kila programu ipite dukani, Apple iikague, na kwa vitu vingi vya kidijitali vinavyouzwa humo ichukue mpaka asilimia 30. Android ya Google ni legevu zaidi. Rafiki anaweza kukurushia faili la programu kwa Bluetooth au WhatsApp, ukaligusa, simu ikakuonya, ukakubali, programu ikaingia. Kampala nimeona programu nyingi zikisafiri hivyo kutoka mkono hadi mkono, kwa sababu data ni pesa na rafiki aliyekwisha kupakua hakutozi kitu.

Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba mlango huo utabanwa. Kuanzia Septemba 2026 katika Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, na nchi nyingine kuanzia 2027, simu za Android zilizoidhinishwa na Google hazitapokea programu ambayo mtengenezaji wake hajajisajili na kuthibitisha yeye ni nani, hata kama programu yenyewe haitoki kwenye duka la Google. Watengenezaji walipopiga kelele, Novemba mwaka huohuo kampuni ilisema itaweka njia ya pembeni kwa watumiaji wazoefu walio tayari kubeba hatari. Wanafunzi nao waliahidiwa akaunti ya bure, yenye kikomo cha idadi ya simu zinazoweza kupokea kazi yao. Niliposoma habari hiyo nilimfikiria mwenzangu mmoja wa darasa aliyeunda kijiprogramu cha kufanyia mazoezi ya ngeli, kwa ajili yetu sisi ambao lugha ya nyumbani ni Luganda au Runyankole na ambao “ki-vi” na “u-i” hututoa jasho. Kilienea darasa zima kwa siku mbili bila yeye kumwomba mtu ruhusa. Sisemi kwamba kujisajili ni dhuluma. Lakini kijana anayeunda kitu na kuwagawia wenzake amesimama mahali tofauti na kijana anayepaswa kwanza kujitambulisha kwa kampuni ya nchi ya mbali ndipo wenzake wapokee alichounda.

Sasa nimpe nafasi mpinzani wangu mkubwa, ambaye wala si kampuni. Ni shangazi yangu, ssenga kama tunavyosema Buganda. Anauza vitenge, na karibu pesa zote za biashara yake hupita kwenye simu. Jioni moja nilimweleza maoni yangu kuhusu uhuru wa mwenye simu, naye akanisikiliza mpaka mwisho huku akikunja vitambaa.

“Mwanangu,” akasema, “wewe una muda wa kusoma maandishi madogo kwenye kioo. Mimi nina wateja wananivuta huku na huku. Mtu akinitumia kitu, nikakigusa, kimeshaingia. Afadhali simu ikatae.”

(Alisema kwa Luganda. Kiswahili chake ni cha kupatania bei, na kwa kazi hiyo ananishinda.)

Hofu yake ina msingi. Agosti 2021 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza jinsi FMWhatsApp, mojawapo ya matoleo yasiyo rasmi ya WhatsApp ambayo watu huyapenda kwa mapambo yake, lilivyobeba ndani yake programu hasidi iitwayo Triada. Google nayo, ilipotangaza masharti yake mapya, ilidai kwamba uchunguzi wake ulikuta programu hasidi zaidi ya mara 50 kwenye programu zinazotoka mitandaoni kuliko kwenye duka lake. Mwenye duka akisifu duka lake tusikilize kwa sikio moja, lakini tusikilize. Mwizi wa leo hahitaji kukupora barabarani. Anahitaji programu moja inayoweza kusoma ujumbe wenye namba ya siri, au inayotumia ile huduma iliyowekwa kwenye simu ili kuwasaidia wasioona, yenye uwezo wa kusoma kila kilicho kwenye kioo na kukigusa kwa niaba ya mwenye simu.

Kwa hiyo anayetetea simu iliyo wazi kabisa anamtetea mtu kama mimi, na gharama anailipa mtu kama ssenga. Hilo ni tatizo la maadili, na sidhani linaondoka kwa kusema “kila mtu na awe mwangalifu.”

John Stuart Mill, katika kitabu chake On Liberty cha mwaka 1859, ana mfano wa daraja bovu ambao wanafunzi wa falsafa wanaujua. Ukimwona mtu anakaribia kuvuka daraja lisilo salama, na hakuna muda wa kumwonya, unaweza kumshika mkono umzuie, na hujavunja uhuru wake, kwa kuwa yeye hataki kuanguka mtoni. Lakini akishaujua ubaya wa daraja, na hatari ikiwa ni ya kubahatisha tu, uamuzi wa kuvuka au kutovuka ni wake. Mfano huu unanisaidia kuona kwamba mimi na ssenga hatusimami mahali pamoja darajani. Yeye hajui mbao zipi zimeoza. Kumshika mkono ni kumtendea haki. Ila Mill hakuwaza kuhusu mtu anayefunga daraja kwa wote, wanaojua na wasiojua, kisha ikaonekana kwamba kivuko pekee kilichobaki ni mtumbwi wake, na nauli anapanga yeye. Huyo anaweza kuwa anasema kweli kuhusu ubovu wa daraja na bado tukawa na haki ya kuuliza habari za mtumbwi.

Tena kuna namna nyingi za kushika mkono. Februari 2024 Google ilianza majaribio Singapore, ikishirikiana na idara ya serikali ya huko ya usalama wa mitandao: programu iliyotoka nje ya duka ilizuiwa ikiwa tu inaomba ruhusa zile ambazo wezi huzipenda, kama kusoma ujumbe mfupi au kutumia ile huduma ya wasioona. Baadaye mpango huo ulifika nchi nyingine, Kenya ikiwemo. Kijiprogramu cha ngeli cha mwenzangu kisingeguswa na kufuli la aina hii, kwa kuwa hakihitaji kusoma ujumbe wa mtu yeyote. Linafunga tendo la hatari na kuliacha jina la mtengenezaji. Nalipenda zaidi.

Kwa nini basi nisiridhike, nikasema tuache kampuni zitulinde kwa ustaarabu huo? Kwa sababu mimi ni Mganda na nakumbuka Januari 2021.

Uchaguzi ulikuwa tarehe 14. Tarehe 12 Tume ya Mawasiliano iliagiza mitandao ya kijamii ifungwe, na jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa mpaka tarehe 18. Facebook haikufunguliwa tena hata baada ya hapo. Siku zilizotangulia uchaguzi, hata duka la programu la Google lilikuwa halifunguki kwa watu wengi. Ukitaka kuingia WhatsApp ulihitaji programu ya VPN, inayopitisha mawasiliano kwa njia ya kuzunguka. Watu wengi walikuwa wameshazijua programu hizo tangu Julai 2018, serikali ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Duka lilipokuwa limefungwa, VPN zilipitia mlango uleule ambao ssenga anataka uzibwe: faili kutoka simu ya jirani. Sitaki kuingia katika siasa za uchaguzi ule. Nataka tu tuone kwamba panapokuwa na mlango mmoja, anayetaka kuwazuia watu wote anahitaji kusimama mahali pamoja tu. Mwaka 2017 Apple iliondoa programu za VPN kwenye duka lake la China ili kutii sheria za nchi hiyo, na mwenye iPhone huko hakuwa na mlango wa pili. Kampuni haikuhitaji kuwa na nia mbaya ili jambo hilo litokee. Ilitosha kwamba ufunguo wote ulikuwa mkononi mwake, na serikali ilijua wa kumwendea.

Kuna kufuli jingine la simu linalojulikana sana kwetu, na limenifundisha zaidi kuliko mijadala ya Ulaya. Siku hizi mwendesha bodaboda au mama wa genge hununua simujanja kwa mkopo: anatoa kianzio kidogo, kisha analipa kila siku au kila wiki. Asipolipa, simu inajifunga. Kioo kinaonyesha deni tu. Nimesikia watu wakiliita kufuli hilo la kikatili, na kweli inaumiza kumwona mtu wa bodaboda amekaa kijiweni na simu iliyokufa, wateja wanampigia hawampati, na bila wateja hawezi kupata pesa ya kuifungua. Lakini tulitazame kwa haki. Mtu huyo aliambiwa tangu siku ya kwanza kwamba ufunguo si wake. Aliambiwa pia ni siku gani utakuwa wake. Akimaliza deni, kufuli linaondolewa.

Aliyelipa taslimu, shilingi zote mezani siku hiyohiyo, yeye ana tarehe gani? Hana. Mfumo ukimkatalia programu, utamkatalia mwaka wa kwanza na mwaka wa tano. Programu nyingine zilizokuja na simu kutoka kiwandani hawezi kuzitoa hata kama hajawahi kuzifungua, na zinakula nafasi aliyoilipia. Mdaiwa amewekewa mwisho wa kufungwa kwake, na asiyedaiwa hakuwekewa. Nimejaribu kutafuta hoja inayoweza kunyoosha jambo hili na sijaipata.

Wala mtu asiseme kwamba ndivyo mitambo ilivyo. Tangu Machi 2024, kwa sababu ya Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, mwenye iPhone aliyeko Ufaransa anaweza kuweka duka la programu lisilo la Apple. Japani nayo, sheria yake ilipoanza kutumika kikamilifu Desemba 2025, duka la pili likaruhusiwa. Apple ililalamika kwamba hatari zitaongezeka, na huenda ina hoja. Lakini simu ya namna ileile, iliyounganishwa kiwandani pamoja na wenzake, ikiletwa Kampala inakataa kile inachokubali Paris. Tofauti ni kwamba huko kuna bunge lenye soko kubwa nyuma yake lililoomba ufunguo, na huku hakuna aliyeomba.

Msimamo wangu basi ni kwamba simu iuzwe ikiwa imefungwa. Ndiyo, imefungwa, tena vizuri, kwa ajili ya ssenga na wengi walio kama yeye. Lakini ufunguo uwe ndani ya boksi, pamoja na chaja. Anayeutaka auchukue kwa utaratibu unaochosha kidogo, kwa maana tapeli anayekupigia akijifanya mtu wa benki anaweza kukuelekeza “gusa hapa, kubali pale” mpaka ukaufungua mlango mwenyewe. Tapeli anategemea haraka. Simu ikisema ombi lako limepokelewa, rudi kesho saa kama hii ulithibitishe, itakuwa imemkosesha silaha yake kubwa bila kuninyima mimi kitu zaidi ya usingizi wa usiku mmoja. Baada ya hapo, hasara nitakayopata ni yangu.

Nilipomweleza ssenga mpango huo hakuupinga, ila aliupindua. Alisema kwamba yeye hata kesho atakuwa na wateja, na tapeli anaweza kupiga tena kesho. Akaniuliza kama simu inaweza kukataa mpaka watu wawili waliochaguliwa na mwenye simu wakubaliane, yaani yeye na mimi. “Ufunguo nusu niwekee wewe,” alisema, “na nikikuchoka nitampa dada yako.” Nimetafuta kwenye mipangilio ya simu yake na ya kwangu. Kitu pekee nilichokuta kinachokaribia ombi lake ni ule mpango wa wazazi kusimamia simu za watoto, na ssenga ana miaka hamsini na minane.