Nywele kwenye Kitana





Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Rumonge. Jioni moja rafiki yangu wa tangu madrasa alinikuta ufukweni, akina mama wakianua ndagala kabla giza halijaingia. Yeye ni mvuvi. Alinivuta pembeni akaniambia anampenda binti wa mama yangu mdogo, na amempata mzee wa kumfanyia dawa. Pesa anazo. Kinachokosekana ni nywele za yule binti. "Wewe ni kaka yake, unaingia na kutoka pale. Chukua tu zilizobaki kwenye kitana." Akaongeza kwamba mzee huyo si mfumu, ni mtu wa kisomo, anaandika aya kwa zafarani.

Naona haya kusema kwamba sikukataa palepale. Nilimwonea huruma, nikamjibu nitaona.

Hukumu yake mnaijua. Katika hadithi ya Ibn Masuud iliyomo kwa Abu Daud, Mtume (s.a.w.) ameihesabu tiwala, yaani limbwata letu hili, kuwa ni shirki. Zafarani haibadilishi kitu. Anayetaka nywele za mtu ili amfunge moyo hakuja na kisomo. Lakini usiku ule kilichoninyima usingizi kilikuwa jambo jingine. Katika mpango wote ule, dada yangu hakuulizwa neno.

Nikamkumbuka Mughith. Ibn Abbas anasimulia, katika Bukhari, kwamba Barira alipoachwa huru alipewa hiari ya kubaki na mumewe Mughith au kumwacha, naye akamwacha. Mughith akawa anamfuata katika njia za Madina, analia hadi machozi yanatiririka kwenye ndevu. Mtume (s.a.w.) akamwombea kwa Barira. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kwamba ni maombezi tu. Basi akasema hana haja naye, na mambo yakaishia hapo.

Hebu tulitazame hili vizuri. Aliyeomba ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Angeamrisha, Barira angetii. Hakuamrisha. Sasa mimi ni nani hata niibe nywele kwenye kitana ili nimnyime dada yangu neno ambalo Barira aliachiwa?

Kesho yake nilimfuata rafiki yangu akitengeneza wavu, nikamsimulia kisa hiki. Akasema, "Mughith hakumpata." Nikasema ndiyo, hakumpata. Kisha nikamwuliza kuhusu kazi yake mwenyewe. Usiku usio na mwezi wanawasha taa juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, ndagala wanakusanyika kwenye mwanga, wavu unainuliwa kutoka chini. Je, ndagala anaipenda taa? Alicheka kidogo. Nikamwambia: tuseme dawa imekubali. Kila atakapokuchekea utajiuliza anayecheka ni yeye au ni dawa. Akinyamaza siku mbili utakimbilia kwa mzee kuongeza. Mapenzi na huruma yanayotajwa katika Surat Rum, aya ya 21, Mwenyezi Mungu amesema ni Yeye aliyeyaweka baina ya mke na mume. Utayanunua wapi?

Hakunijibu. Sikutaka kumbana, mtu mwenye moyo unaouma hashindwi kwa hoja, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeyumba jana yake tu. Nilimwambia nywele sitaleta, ila akitaka kuposa nitampeleka kwa baba mdogo mchana kweupe.

Alichukua wiki mbili. Akaswali istikhara, akamtuma mjomba wake. Dada yangu aliulizwa, naye akasema hapana, kwa adabu, bila kueleza sababu.

Siku tatu rafiki yangu hakushuka ziwani. Ya nne nilimwona msikitini alfajiri, safu ya mbele, macho mekundu. Baada ya swala alinipa mkono, akaniuliza naondoka lini kurudi chuoni. Mchana akanitumia mfuko wa ndagala wa njiani.